Utando unaohisi mwanga: teknolojia iliyo ndani ya taa za wavuvi

Katika Ziwa Mweru, usiku usio na mbalamwezi ndio wakati mwafaka wa kuvua chisense, dagaa wadogo wanaoufuata mwanga wa taa. Kwa wavuvi wa Nchelenge na wenzao wa upande wa Kongo, taa ni chombo cha kazi sawa na wavu. Katika maziwa mengi ya Afrika, karabai za mafuta ya taa zinazipisha taa za LED.

Kiini cha taa ya LED ni kipande kidogo kuliko punje ya mtama, chenye njia za umeme zilizo nyembamba mno kuchorwa kwa mkono. Njia hizo huchorwa kwa mwanga.

Kwanza, dawa ya majimaji hudondoshwa juu ya kisahani kinachozungushwa maelfu ya mara kwa dakika, hadi itande sawasawa. Mwanga wa urujuanimno hupitishwa kwenye kiolezo, na molekuli zinazoguswa hubadilika: katika dawa za aina moja huyeyuka zikisafishwa, katika nyingine hukazana. Mchoro unaobaki ndio unaoelekeza madini yawekwe wapi na yaondolewe wapi. Mafundi hufanya kazi hii chini ya taa za manjano, kwani mwanga mweupe, ukiwemo wa taa ya mvuvi, ungeuharibu utando kabla ya wakati.

Wazo lenyewe ni la kale. Mfaransa Nicéphore Niépce alitumia lami inayokazwa na jua kupata picha katika miaka ya 1820. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa IBM nchini Marekani walibuni utando ambao chembe moja ya asidi, ikizaliwa na mwanga, huzibadilisha molekuli nyingi. Leo vijisahani vya kompyuta vya hali ya juu huchorwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5, juu ya utando wa makumi ya nanomita tu. Unywele una takriban nanomita 80,000.

Shaba, ambayo Zambia na Kongo huichimba kwa wingi, hutumika kama nyaya ndani ya vijisahani hivyo. Dawa ya utando, hata hivyo, hutengenezwa zaidi na kampuni za Japani. Julai 2019 Tokyo iliwekea masharti mauzo yake kwa Korea Kusini, na viwanda vikubwa vya huko vikaingiwa na wasiwasi. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 2023.