Ruzizi: Mto Mmoja, Nchi Tatu



Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, unateremka hadi Ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, lilijengwa baraji la kwanza karibu na mlango wa ziwa. Mwaka 1983, Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda shirika moja, SINELAC, la kuendesha baraji la pili, Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989. Ikaja vita ya 1996, kisha ya 1998. Majeshi yalipigana, lakini shirika lile halikuvunjwa.

Kwa nini? Baraji la juu ndilo linalolipimia maji lile la chini. Anayefunga juu anazima taa za chini, na zake pia.

Lakini mkataba hauchoti takataka. Chupa na mifuko tunayotupa mitaroni Bukavu huteremka na mvua, huziba mashine. Giza likiingia, halichagui Mkongomani, Mnyarwanda wala Mrundi.

Basi kabla ya kumnyooshea jirani kidole, kila mmoja ajiulize: mfuko wangu wa jana uko wapi?