Waya, fyuzi na moto: historia ya ampli ya gari

Jioni, katika mitaa mingi ya mashariki mwa Congo ambako umeme haufiki, muziki unatoka kwenye bateri ya gari. Ampli iliyotengenezwa kwa ajili ya gari inafanya kazi nyumbani, kanisani, kwenye duka la kunyolea nywele, na hata chini ya turubai za familia zilizohama makwao. Chombo hiki kina historia yake, na katika historia hiyo moto umekuwepo tangu mwanzo.

Mwaka wa 1930, mjini Chicago, Marekani, ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walianza kuuza redio ya gari waliyoiita Motorola. Inasimuliwa kwamba Paul alitafuta mkopo wa benki, akafunga redio hiyo katika gari la mkuu wa benki ili kumvutia. Nusu saa baadaye gari likawaka moto, na mkopo haukupatikana. Biashara iliendelea hata hivyo, na jina hilo likajulikana dunia nzima.

Redio za wakati ule hazikuvuta umeme mwingi. Magari yalikuwa na bateri za volti 6. Katikati ya miaka ya 1950 viwanda vya Marekani vilihamia volti 12. Transista, iliyovumbuliwa mwaka wa 1947, ilifanya vyombo kuwa vidogo. Kisha katika miaka ya 1970 watu kama Jim Fosgate, wa Arizona, walitengeneza ampli kubwa za gari, zikiwa peke yake nje ya redio. Mahitaji ya umeme yakapanda, huku bateri ikibaki ileile ya volti 12.

Congo nayo ilikuwa na mafundi wake. Kinshasa, Mawangu Mingiedi alianzisha kundi la Konono No 1 katika miaka ya 1960. Alipaza sauti ya likembe kwa maikrofoni zilizotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani. Albamu yao Congotronics, ya mwaka wa 2004, ilisikika mpaka Ulaya na Marekani.

Hatari ya ampli kubwa inaonekana kwa hesabu. Gawa wati kwa volti, unapata ampea. Wati 500 kwenye umeme wa nyumba wa volti 220 ni ampea 2 na kidogo. Wati 500 zilezile kwenye bateri ya volti 12 ni karibu ampea 42. Tena ampli nyingi hupoteza sehemu ya umeme kwa joto, kwa hiyo ampli inayotoa wati 500 za kweli inaweza kuvuta ampea 60 hadi 80. Waya mwembamba wa taa haubebi mzigo huo: unapata joto, plastiki yake inayeyuka, kisha inawaka.

Wengi husema volti 12 hazina hatari. Ni kweli kwamba bateri haimpigi mtu kama umeme wa nyumba. Lakini nyaya zake mbili zikigusana, inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, na hizo ndizo zinazochoma.

Dawa yake ni ya zamani kuliko redio ya gari. Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi mwaka wa 1890. Mafundi wa Goma na Bukavu wanaiita kwa Kifaransa, fusible: kipande chembamba cha metali kinachokatika kabla waya haujaungua. Ile ya gari yenye miguu miwili bapa ilitoka katika miaka ya 1970, na inatambulika kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30.

Fyuzi kubwa ya karibu na bateri hailindi ampli, inalinda waya. Ndiyo maana fundi mzuri anachagua waya kwanza, kisha fyuzi isiyozidi uwezo wa waya huo, na anaifunga ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye bateri. Ikiwekwa upande wa ampli, waya wote unabaki bila mlinzi.

Waya wenyewe una historia ya Congo. Shaba ya Katanga ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka wa 1911, chini ya Union Minière. Hata hivyo, si kila waya wenye rangi ya shaba sokoni ni shaba. Mwingine ni aluminiamu iliyofunikwa kwa shaba juu tu. Ukiukwangua kwa kisu, ndani ni mweupe. Unapitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya shaba, basi lazima uwe mnene zaidi. Kwa ampea 60 na mita chache, shaba ya milimita za mraba 16 inafaa. Kwa ampea 80, 25.

Fyuzi inapokatika jioni na duka limefungwa, wengine huweka msumari au karatasi ya sigara. Muziki unarudi, lakini waya umegeuka kuwa fyuzi yenyewe. Katika gari, abiria wanaweza kuruka nje. Chini ya turubai, ambako watoto wamelala na kuta ni plastiki, moto hauwapi watu muda. Fyuzi iliyokatika imefanya kazi yake. Kinachobaki ni kutafuta sababu, kisha kuweka nyingine ya ampea zilezile.