Nyaraka za serikali na uwanda wa Ruzizi

Bwegera, katika uwanda wa Ruzizi, teritwari ya Uvira, iko mbali na karatasi zinazoeleza namna ilivyotawaliwa. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Wabelgiji walisafirisha hadi Brussels sehemu kubwa ya nyaraka za utawala wa Kongo. Nyingine zilibaki Kinshasa na katika ofisi za mikoani. Sheria ya mwaka 1978 iliweka utaratibu wa jumla wa nyaraka nchini, lakini kuhifadhi ni kazi ya mikono: kuchagua faili za kudumu, kuziorodhesha, kuzikinga na unyevu, mchwa na moto, na kuziacha katika mpangilio wa ofisi iliyoziandika. Mpangilio huo ni sehemu ya ushahidi, maana barua ya mtawala wa kikoloni kuhusu mpaka wa mwami, yaani chifu wa kimila, haieleweki bila barua aliyokuwa akiijibu.

Wapo wanaosema heri nyaraka zibaki Ulaya, kwa kuwa vita havijaiacha Uvira na mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba nyingi katika mji wa Uvira. Hoja hiyo ina uzito kuhusu karatasi asilia, si kuhusu nakala: picha za kidijitali zinaweza kukaa Uvira, Bukavu na Kinshasa kwa wakati mmoja. Wengine husema maandishi ya mkoloni yamepotoshwa. Ni kweli, aliandika kwa manufaa yake; ndiyo sababu yasomwe hadharani na kulinganishwa na masimulizi ya wazee wa Bafuliiru, Bavira na Barundi, kwani katika uwanda huu ugomvi wa ardhi na wa utawala wa kimila umemwaga damu. Mkulima wa Bwegera asiyeweza kuiona faili hana namna ya kupinga anachoambiwa kimeandikwa humo.