Wakunga wa Namirembe na Mama wa Kijijini

Katika kuhesabu miaka ya kazi iliyopita, desturi yetu ni kuhesabu makanisa na shule zilizojengwa. Yafaa tuwahesabu pia mama waliovuka salama saa ya kujifungua. Tumechagua mfano wa Uganda, nchi jirani, kwa kuwa huko yaonekana wazi jinsi umbali wa mji na shamba ulivyoanza kupunguzwa.

Hapo kale maarifa hayakukosekana. Mwaka 1879 daktari mmisionari Robert Felkin alishuhudia katika nchi ya Bunyoro mganga akimpasua tumbo mama aliyeshindwa kuzaa. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyo mganga akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa. Mtoto akatolewa hai, kidonda kikafungwa kwa pini za chuma, na mama akapona. Felkin aliwasomea wenzake wa Edinburgh habari hiyo mwaka 1884. Basi asiseme mtu kwamba wazee wa Afrika hawakujua kitu. Lakini mafundi wa namna hiyo walikuwa wachache, na wenye taabu walikuwa wengi.

Mwaka 1897 Daktari Albert Cook, aliyefika na wenzake kwa miguu kutoka pwani, alianzisha hospitali ya Mengo katika kilima cha Namirembe. Katika msafara ule alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye alioana naye mwaka 1900. Hospitali juu ya kilima yamfaa akaaye chini yake. Bali mama aliye mbali, akiisha kushikwa na uchungu, atafikaje? Kwa hiyo Bibi Cook alianzisha shule ya wakunga, Lady Coryndon, iliyofunguliwa mwaka 1921, na kitabu cha ukunga kwa Kiganda kikafuata mwaka 1923. Katika kilima cha Nsambya, Mama Kevin na Daktari Evelyn Connolly walifundisha wakunga vilevile kwa upande wa Wakatoliki.

Waliofuzu hawakubaki wote mjini. Wengi walipelekwa katika nyumba ndogo za uzazi vijijini. Hapo ndipo palipo kiini cha habari yetu: mkunga aliye karibu humpima mja mzito kabla ya siku zake, hutazama mtoto alivyolala, na akiona hatari humpeleka mapema kwa daktari. Kutokwa damu na kifafa cha mimba havingoji gari.

Mwaka 1994 wataalamu walizitaja chelewa tatu ziwauazo mama: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ya pili humwonea zaidi mama wa shamba. Ya tatu humpata hata wa mjini.

Kwetu Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila uzazi 100 wa mjini, 86 ulifanyika hospitalini au zahanatini. Wa shamba ulikuwa 54 tu. Vifo vya mama vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila watoto hai 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulitoa hesabu ya 104. Ni neema kubwa. Lakini kila mmoja wa hao ameacha nyumba yenye kilio.

Huko Dodoma mama wa mbali huja mapema kukaa katika nyumba ya kungojea, iitwayo chigonela, hata siku zake zitimie. Huu ni utaratibu wa kuigwa. Wazee wa kanisa na waweke akiba ya nauli. Walimu na wawafundishe vijana dalili za hatari. Waume na wasingoje usiku wa uchungu ndipo watafute shauri. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini mzigo wa safari yake yatupasa sote kuuchukua.