Nani Alimfanya Lumumba Kuwa Lumumba?

Gazeti la Dar es Salaam likiandika kwamba "Lumumba wametoa kauli", hakuna msomaji anayedhani ni habari za Kongo. Anajua ni Chama Cha Mapinduzi, kwa kuwa ofisi ndogo ya makao makuu ya chama hicho ipo Mtaa wa Lumumba, mtaa ambao enzi za Waingereza uliitwa New Street na ndiko TANU ilikozaliwa mwaka 1954. Unguja, Lumumba ni shule ya sekondari. Makerere ni bweni la wanafunzi. Nairobi ni barabara, na kabla ya hapo lilikuwa jina la chuo cha makada wa KANU kilichofunguliwa Desemba 1964 kwa fedha za Wasovieti, kikafungwa mwaka uliofuata baada ya kugeuka mwiba kwa serikali. Mwenye jina hakutawala nchi yoyote kati ya hizo. Hata ya kwake aliiongoza kwa muda usiofika miezi mitatu.

Ukimtazama Patrice Lumumba kabla ya mwaka 1958, huoni dalili za mtu ambaye mitaa itaitwa kwa jina lake. Alizaliwa Onalua, Sankuru, mwaka 1925. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, akazungumza Kiswahili cha huko pamoja na Kitetela, Kilingala na Kifaransa. Alikuwa mmoja wa wale Waafrika ambao Wabelgiji waliwaita "walioendelea", waliopewa kitambulisho maalumu baada ya kukaguliwa jinsi wanavyoishi na wanavyokula. Mwaka 1956 alikamatwa, akafungwa kwa wizi wa fedha za posta. Alipotoka alihamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kupata kazi ya kunadi bia ya Polar. Kabla ya kutoka gerezani alikuwa ameandika kitabu akiomba ushirikiano wa Wabelgiji na Wakongo, kwa maneno ya upole kiasi kwamba kilipochapishwa mwaka 1961, mwandishi akiwa ameshauawa, hakikufanana kabisa na mtu ambaye dunia ilikuwa ikimlilia.

Aliyebadilika kwanza, basi, ni yeye mwenyewe, na alibadilika haraka. Oktoba 1958 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha MNC, kilichojitofautisha na vingi vya wakati ule kwa kutojengwa juu ya kabila. Desemba alikwenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika, akakutana na Kwame Nkrumah. Januari 1960 alitolewa gerezani, alikofungwa baada ya ghasia za Stanleyville, ili apelekwe Brussels kwenye meza ya mazungumzo ya uhuru.

Halafu ikaja tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru. Mfalme Baudouin alimsifu babu yake wa ukoo, Leopold II, yule yule ambaye utawala wake wa mpira na pembe uliangamiza Wakongo kwa mamilioni. Rais Joseph Kasavubu akajibu kwa adabu. Lumumba, waziri mkuu, hakuwamo kwenye ratiba ya wasemaji, lakini alisimama akayataja matusi, vipigo vya asubuhi, mchana na jioni, ardhi iliyoporwa, na sheria moja ya mzungu na nyingine ya mtu mweusi. Ukumbi ulipigwa na butwaa. Redio ilirusha kila kitu.

Kuna sentensi moja ambayo watu wengi hukumbuka kutoka kwenye hotuba ile: kwamba alimwambia mfalme kuwa sisi si manyani wenu tena. Itafute katika matini yake. Haimo. Wala wanaoisimulia siku ile hawaongezi kwamba saa chache baadaye, kwenye chakula cha mchana, Lumumba huyo huyo alitoa maneno ya kumtuliza mfalme na kuishukuru Ubelgiji. Kumbukumbu ya umma ilimwongezea sentensi ambayo hakuisema na kumwondolea ile aliyoisema, na katika mambo yote mawili ilikuwa ikimsogeza upande mmoja.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Jeshi liliasi siku chache baada ya sherehe. Julai 11 jimbo la Katanga likajitenga, Kasai Kusini ikafuata. Umoja wa Mataifa ulikataa kumrudishia Katanga kwa nguvu, akaomba msaada Moscow, na kwa Washington hilo lilitosha kumhukumu. Septemba 5 Kasavubu alitangaza kumfukuza. Siku tisa baadaye Kanali Mobutu akashika hatamu. Mwishoni mwa Novemba Lumumba alitoroka nyumba aliyozingirwa ndani yake, akielekea Stanleyville, akakamatwa njiani akiwa Kasai.

Hapa kamera zikaingia kazini. Filamu ya mapema Desemba 1960 inamwonyesha amefungwa kamba, shati limechafuka, anavutwa nywele. Askari mmoja anamsokomeza karatasi mdomoni. Yeye hasemi kitu. Waliomweka mbele ya kamera walitaka kuonyesha kwamba mtu huyu kwisha habari yake. Nadhani hakuna tangazo la kisiasa la karne ile lililowageukia wenyewe vibaya zaidi. Hotuba ya Juni ilisikiwa na wachache nje ya Kongo. Uso ule ulionekana kote.

Usiku wa Januari 17, 1961, baada ya kupelekwa Katanga kwa ndege, alipigwa risasi pamoja na wenzake wawili karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Kisha wauaji wakafanya jambo lililokusudiwa kumfuta kabisa. Ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, aliifukua miili, akaikata na kuiyeyusha kwa tindikali ili pasiwe na kaburi la kuhiji. Februari 13 Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga na mzao wa Msiri, yule mtawala mwenye asili ya Unyamwezi, alitangaza kwamba mateka walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Hakuna aliyeamini. Mjane, Pauline Opango, alitembea Léopoldville kifua wazi, kama maombolezo yanavyotaka, kwenda kudai mwili wa mumewe. Ubalozi wa Ubelgiji Cairo ulichomwa moto. New York, Wamarekani weusi walizusha vurugu ndani ya Baraza la Usalama. Kabla ya mwezi kwisha Moscow ilikuwa imekipa jina lake chuo kikuu kipya cha wanafunzi kutoka nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.

Mtu asiye na kaburi ni rahisi kumbeba. Mwaka 1964 waasi wa mashariki mwa Kongo, waliojiita Simba kwa Kiswahili, waliiteka Stanleyville kwa jina la Lumumba na kuwaua watu wengi mbele ya mnara wake. Mwaka uliofuata Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia wapiganaji walionusurika, akijiita Tatu. Marekani, Malcolm X alimtaja kuwa mtu mweusi mkuu kuliko wote waliowahi kutembea katika bara la Afrika. Kila mmoja alimchukua Lumumba wake: Wasovieti mpinga ubeberu, Nkrumah mhanga wa umoja wa Afrika, Simba mzimu wa kulipiza kisasi.

Lakini aliyemchukua kwa ustadi kuliko wote ni Mobutu. Huyu alishiriki kumwangusha na kumpeleka kwenye mauti yake, kisha mwaka 1966, akiwa rais, akamtangaza shujaa wa taifa. Barabara kuu ya Kinshasa inayokwenda uwanja wa ndege wa N'djili ikawa Boulevard Lumumba. Usishangae. Aliyekufa hadai mshahara, haitishi mkutano wala haulizi shaba ya Katanga inauzwa kwa faida ya nani. Mobutu alihitaji jina lililopendwa Kisangani, na mwenye jina hakuweza kukataa.

Serikali ilipokuwa ikimtumia kwenye vibao, mafundi wa Lubumbashi walikuwa wakimchora kwa namna yao. Katika miaka ya 1970 familia za wafanyakazi wa migodi zilinunua picha za kuning'iniza sebuleni, zikiitwa picha za ukumbusho. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, akazifafanua kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Katika picha ya kifo, Lumumba amelala na wenzake wawili, na nyuma yao kuna misalaba mitatu. Tshibumba hakuficha maana: kwake Lumumba alikuwa Yesu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Haikuwa amri ya chama wala fedha ya ubalozi. Fundi huyu alikuwa akiuza kazi zake kwa bei ya mtu wa mgodini, na mnunuzi alijua anachokinunua. Kama kuna mahali Lumumba aligeuka alama kwa hiari ya watu, ni kwenye sebule zile.

Bei ya heshima hiyo ni kwamba mengine yalifutwa. Agosti 1960 jeshi la serikali ya Lumumba, likitumwa kuizima Kasai Kusini, liliua mamia ya raia wa Kiluba huko Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo. Dag Hammarskjöld alisema mauaji yale yana sura ya mauaji ya kimbari. Msalaba hauna nafasi ya habari hiyo, na wazee wa Kasai wanaoikumbuka hawapendi kuulizwa kwa nini hawashangilii.

Kumbukumbu haikuwa na nafasi pia kwa waliokufa naye. Wale wenzake wawili ni Maurice Mpolo, waziri wa vijana, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti, walioteswa kwenye ndege ile ile, wakapigwa risasi mahali pale pale na kuyeyushwa kwa tindikali ile ile. Mtaa wa Okito uko wapi Dar es Salaam? Kasavubu naye, aliyehutubia siku moja na Lumumba, alifia Boma mwaka 1969 kwa maradhi. Nje ya Kongo, nani humtaja?

Soete alikuwa ameficha meno ya Lumumba, akakiri hadharani kabla ya kufa mwaka 2000. Jino moja lilikamatwa kwa binti yake mwaka 2016, likakabidhiwa kwa familia Brussels Juni 20, 2022, likazungushwa nchini hadi Onalua, Kisangani na Shilatembo alikouawa, kisha likazikwa Limete, Kinshasa, Juni 30. Novemba 2024 watu walivunja kaburi lile. Serikali ikasema jino li salama. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika lililofanyika Morocco kuanzia Desemba 2025, mshabiki mmoja wa Kongo alisimama mechi nzima mkono juu, bila kutikisika, akiigiza sanamu ya Lumumba iliyoko Limete, na picha yake ikazunguka dunia.

Sanamu zimetosha. Bado kuna jambo la mahakama. Mwaka 2011 familia ya Lumumba iliwashtaki Wabelgiji kumi. Hadi waendesha mashtaka wa Brussels walipoomba, Juni 2025, kesi ifikishwe mahakamani, tisa kati yao walikuwa wamekufa. Aliyebaki, mwanadiplomasia mstaafu, alikuwa na umri wa miaka zaidi ya tisini.