Orodha ya Cirta: Kumbukumbu na Viongozi katika Kanisa la Afrika ya Kaskazini

Katika migogoro ya Kanisa la kale, ule wa Wadonato wa Afrika ya Kaskazini ndio unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi viongozi wa dini wanavyoweza kurithishana kinyongo kizazi hadi kizazi bila kuchunguza yaliyoandikwa. Chimbuko lake ni amri ya Kaisari Dioklesyano ya mwaka 303, iliyoagiza makanisa yabomolewe na Maandiko Matakatifu yachomwe moto. Viongozi walioyatoa waliitwa kwa Kilatini traditores, yaani wakabidhi, jina lililobeba aibu ya usaliti. Caecilianus alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Karthago, mnamo 311 au 312, maaskofu wa Numidia walikataa kumtambua kwa madai kwamba Felix wa Aptunga, aliyemwekea mikono, alikuwa mkabidhi, na kwa hiyo daraja aliyoitoa ilikuwa batili. Wakamweka Majorinus, na baada yake Donato, ambaye kundi lao lilichukua jina lake.

Hoja yao ilikuwa na mizizi. Sipriani, askofu wa Karthago aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, alifundisha kwamba ubatizo uliotolewa nje ya Kanisa si ubatizo, na mtaguso wa mwaka 256, yaani kikao cha maaskofu, ulimuunga mkono. Wadonato walimtaja Sipriani kila mara, ila walilinyamazia jambo moja, kwamba hakuvunja ushirika na maaskofu waliofikiri tofauti. Agostino wa Hippo alilikazia jambo hilohilo, akaongeza kwamba ubatizo ni wa Kristo na haubatiliki kwa dhambi za anayebatiza.

Lakini fundisho peke yake lisingetosha, kwa kuwa madai yenyewe yalihusu matendo ya watu waliojulikana kwa majina. Hapo ndipo kumbukumbu za maandishi zilipopata uzito. Zimehifadhiwa kumbukumbu za upekuzi uliofanywa tarehe 19 Mei 303 katika kanisa la Cirta, mji ambao sasa ni Constantine nchini Algeria, ambamo karani aliandika kila kitu kilichotolewa: vikombe viwili vya dhahabu na sita vya fedha, taa, kanzu 82 za kike, jozi 47 za viatu vya kike na 13 za kiume, bila shaka akiba ya kuwavika maskini. Miongoni mwa waliosimama pale wakikabidhi alikuwamo shemasi mdogo Silvanus, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Cirta na mmoja wa waliomweka Majorinus wakiwashutumu wengine kwa kosa hilohilo. Siri hiyo ilifichuka mwaka 320, shemasi wake alipokosana naye na kesi ikafika mbele ya Zenophilus, mtawala wa Numidia. Felix, kwa upande wake, alikwisha kuonekana hana hatia, baada ya kubainika kwamba barua iliyotumiwa dhidi yake iliongezwa maneno ya uongo.

Optatus, askofu wa Milevis, alizikusanya nyaraka za namna hii katika kitabu chake dhidi ya Wadonato, naye Agostino alizitumia katika mkutano wa Karthago wa Juni 411, uliokutanisha zaidi ya maaskofu 500 wa pande zote mbili mbele ya Marcellinus, mjumbe wa kaisari. Marcellinus aliamua kwamba Wadonato wameshindwa.

Ushindi huo, hata hivyo, ulifuatwa na sheria za faini na unyang'anyi wa makanisa, na Agostino hakuzipinga. Tayari kabla ya mkutano huo, katika barua aliyomwandikia Vincentius yapata mwaka 408, alikiri kwamba hapo awali aliona hakuna anayepaswa kulazimishwa kurudi katika umoja, kisha akabadili msimamo alipoona mji wake mwenyewe umeuacha Udonato kwa kuhofia sheria za makaisari. Barua hiyo ilikuja kutumiwa kwa karne nyingi kuhalalisha mateso ya walioitwa wazushi, na anayeisoma bila kurudi kwenye maandishi yake ya awali hukutana na Agostino mmoja tu kati ya wawili.