Mrejesho limbikizi

Ng'ombe wa maziwa aliyezaa usiku anaweza kukutwa asubuhi amelala kifudifudi, shingo ameikunjia ubavuni, masikio ya baridi, na hata akisukumwa hainuki. Wafugaji huuita ugonjwa huu homa ya maziwa, ingawa joto la mwili halipandi. Mara nyingi hushuka. Kilichopungua ni kalsiamu ya damu. Lita 10 za dang'a hubeba gramu 20 na ushei za kalsiamu, ilhali plazma yote ya ng'ombe ina gramu 3 hivi. Kwa hesabu hiyo ng'ombe wote wanaozaa wangepaswa kuanguka. La ajabu ni kwamba wengi hawaanguki.

Mwaka 2002 Hana El-Samad, Jesse Goff na Mustafa Khammash walilitazama jambo hili kwa jicho la uhandisi wa udhibiti, taaluma ya kuzifanya injini, ndege na mitambo zishike hali iliyopangwa hata mambo yanapobadilika. Walianza na hoja nyepesi. Chukua kidhibiti kinachojibu kwa kadiri ya pengo la sasa hivi: kalsiamu ikipungua kidogo kinajibu kidogo, ikipungua sana kinajibu kwa nguvu. Pengo likiisha, na jibu linaisha. Lakini ng'ombe huyu atakamuliwa kesho, keshokutwa, na miezi inayofuata. Kalsiamu haiachi kutoka, kwa hiyo jibu nalo halina ruhusa ya kuacha. Kidhibiti cha namna hiyo kingelazimika kuacha pengo dogo la kudumu ili kipate sababu ya kuendelea kufanya kazi. Damu ya ng'ombe mzima haionyeshi pengo la kudumu. Baada ya siku chache kalsiamu inarudi palepale ilipokuwa. Basi lazima mwilini mwake kuna kitu kinachoweka hesabu ya upungufu uliopita, si cha kuangalia upungufu wa leo tu. Katika modeli yao, homoni ya tezi za parathairoidi hujibu pengo la sasa, na vitamini D iliyogeuzwa kuwa homoni ndiyo inayoweka hesabu.

Kitu hicho cha kuweka hesabu ndicho ninachokitafutia jina.

“Mrejesho” tunalo tayari, na limekwisha chakaa mikononi mwa warsha na huduma kwa wateja. Mteja hutoa mrejesho, mwezeshaji hukusanya mrejesho. Ukisema “mrejesho hasi”, msomaji wa kawaida anaelewa lawama. Kwa mhandisi maana ni nyingine kabisa: habari za matokeo zinarudi mwanzoni na kusukuma upande wa pili wa kosa. Kwa sababu hiyo napenda zaidi “mrejesho kinzani”, na sitagombana na aliyezoea “hasi”.

Ugumu uko kwenye neno la pili, lile la kueleza kazi ya kuweka hesabu. Mtu anaweza kuandika “mrejesho wa integrali” na asiwe amekosea, ila atakuwa ameongea na waliosoma kalkulasi peke yao. Kitendo chenyewe ni kulimbikiza. Kila mwalimu wa Tanzania anajua malimbikizo ya mishahara ni nini: ukilipwa mwezi huu kikamilifu, deni la miezi iliyopita halijafutika, linakaa kwenye hesabu mpaka lilipwe lote. Kidhibiti cha aina hii hufanya vivyo hivyo. Hukusanya makosa yaliyopita, na hutulia pale tu kosa la sasa linapokuwa sifuri. Tukiite mrejesho limbikizi, na sehemu inayoweka hesabu tuiite kilimbikizi.

Tofauti hii ni ya zamani kuliko umeme wa majumbani. James Clerk Maxwell, katika makala yake ya 1868 kuhusu vidhibiti vya injini za mvuke, alivigawa mafungu mawili: vile vinavyopunguza tu kuyumba kwa mwendo mzigo unapobadilika, na vile vinavyourudisha mwendo mahali pake hasa. Vya pili tu ndivyo alivyovihesabu kuwa vidhibiti kamili.

Sasa tuingie kwenye seli. Biolojia sanisi (naazima “sanisi” kutoka usanisinuru, neno ambalo kila mwanafunzi wa sekondari amekutana nalo) ni kazi ya kubuni saketi za jeni na kuzipandikiza ndani ya seli ili zifanye jambo jipya. Mwaka 2000 ndio ulioipa sura. Katika toleo moja la jarida la Nature, Michael Elowitz na Stanislas Leibler walionyesha bakteria waliowaka na kufifia kwa mzunguko wa zaidi ya saa mbili, na Timothy Gardner, Charles Cantor na James Collins wakaonyesha swichi ya jeni yenye hali mbili. Ukisoma kwa makini habari ya mzunguko ule unaona tatizo lililoiandama taaluma hii tangu siku hiyo. Seli hazikuwaka pamoja, mzunguko ulipishana kati ya seli na seli, na nyingine hazikuwaka kwa zamu hata kidogo. Jeni zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni umri wa seli, idadi ya ribosomu na bahati ya molekuli chache.

Kwa muda mrefu jibu la kwanza lilikuwa kutafuta vipande bora na vipimo sahihi zaidi. Sidhani kama njia hiyo peke yake ingefika mbali. Huwezi kupima kila kitu ndani ya seli, na hata ungeweza, seli ya kesho si ya leo. Mhandisi wa udhibiti hadai kujua kila kitu. Anadai kupima matokeo na kusahihisha.

Corentin Briat, Ankit Gupta na Khammash yuleyule wa ng'ombe, ambaye wakati huo alikuwa ETH Zürich kwenye idara yake iliyoko Basel, walichapisha mwaka 2016 mchoro wa kilimbikizi cha molekuli. Mwaka 2019 kikundi hichohicho, Stephanie Aoki akiwa mwandishi wa kwanza, kilikijenga ndani ya bakteria E. koli. Vifaa vyake vikuu ni protini mbili zilizotolewa kwa bakteria mwingine, SigW na RsiW, ambazo zikikutana hushikana na kila moja huizima mwenzake. Ya kwanza huwasha jeni za kutengeneza zao. Zao nalo husababisha ya pili itengenezwe.

Tuseme, kwa mfano tu, protini ya kwanza inatengenezwa 60 kwa dakika, na ya pili 2 kwa dakika kwa kila molekuli ya zao iliyopo. Zao likiwa 30, ya pili nayo inatengenezwa 60. Zinaoana zote, hakuna kinachobaki. Zao likishuka hadi 25, ya pili inakuwa 50, na kila dakika molekuli 10 za protini ya kwanza zinabaki bila mwenza. Hizo 10 hazipotei. Zinajilimbikiza, zinazidi kuwasha jeni, na zao linapanda mpaka lifike 30 tena. Aliyekuwa akilitafuna zao ni nani? Hesabu haiulizi. Kiwango cha kutulia ni 60 kugawanya kwa 2, na mengine yote ya seli hayamo kwenye mgawanyo huo. Watafiti walijaribu hasa hivyo: waliingiza kimeng'enya cha kuivunja protini iliyokuwa ikidhibitiwa. Saketi isiyo na mrejesho iliporomoka. Yenye kilimbikizi ilirudi kwenye kiwango chake.

Isipokuwa kwamba kilimbikizi cha seli kinavuja. E. koli aliyeshiba hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kila mgawanyiko unazipunguza kwa nusu protini zilizokuwa zikitunza hesabu. Ni kama karani anayechana nusu ya daftari la madeni. Dawa ni kufanya utengenezaji na ushikanaji uwe wa kasi kuliko ukuaji, na dawa hiyo inaila seli nguvu. Kuna ubaya mwingine unaomkumba hata ng'ombe wetu wa homa ya maziwa: mtendaji akifika ukomo, mifupa na utumbo visiweze kutoa kalsiamu zaidi, kilimbikizi kinaendelea kudai bila kulipwa.

Kidhibiti kinachodai bila kikomo kinaweza kuilemea seli. Hapo ndipo suala la usalama linapoingia, na hapo Kiswahili kinahitaji uangalifu. “Kudhibiti” kwetu kunabeba mambo mawili. Kidhibiti mwendo cha matatu Kenya kinazuia gari lisizidi kilomita 80 kwa saa. Gari likienda 40 hakina habari nalo. Hicho ni kizuizi. Kidhibiti cha Maxwell kinasukuma kutoka pande zote mbili. Swichi ya kujiua wanayowekewa bakteria wa maabara, ili wafe wakitoka nje, ni kizuizi pia. Kazi yake ni ya lazima, lakini ina adui wa ndani: seli ambayo jeni yake ya kujiua imeharibika kwa bahati ndiyo inayobaki hai na kuzaa. Ndivyo ilivyo kwa saketi yoyote inayoilemea seli, kwa kuwa iliyoitupa saketi hukua haraka na kuwazidi wenzake.

Kwa hiyo mrejesho wenye faida ya usalama unaweza kuwa ule unaoangalia mzigo wenyewe. Francesca Ceroni na wenzake wa Imperial College London walionyesha mwaka 2018 saketi inayohisi seli inapoelemewa na kupunguza yenyewe kazi ya jeni iliyopandikizwa. Seli zilikua vizuri zaidi na protini iliyovunwa ikawa nyingi kuliko ya seli zisizo na mrejesho. Seli isiyoumia haina sababu kubwa ya kuitupa saketi. Kitaalamu huu si mrejesho limbikizi. Ni kinzani tu, na hauwezi kuahidi kurudi kwenye kiwango kilekile. Kwa hati za usalama wa viumbe zinazoandikwa kwa Kiswahili ningetaka vitenzi vitatu vitengane: kuzuia kwa swichi ya kujiua, kupunguza kwa saketi ya London, na kudhibiti kwa ile ya Basel.